Mbuzi wa Ushahidi

Mgambo wa kata alimleta mbuzi kwetu jioni moja ya Juni, amemfunga kamba ya katani shingoni, na nyuma yake anakuja mwenye bustani ameshika shina la figiri lililotafunwa likabaki kijiti. Ofisi ya mtendaji ilikwisha kufungwa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Peramiho kwenye msiba wa shemeji yake. Kesi haikuweza kulala barabarani, basi ikaingia kwa mjumbe, na mjumbe ni mama yangu.

"Mama mjumbe, shikamoo. Tumekuletea mtuhumiwa."

"Marahaba, baba. Mfunge kwenye mparachichi," mama akajibu, mikono yake imejaa unga.

Mbuzi alikuwa amemaliza matuta matatu ya figiri na moja la chainizi, mboga zilizokuwa zipelekwe sokoni asubuhi yake. Kwa mtu anayesomesha watoto kwa mboga, hilo ni pigo. Mama alinawa mikono, akachukua tochi, akashuka bondeni na mwenye bustani kuhesabu mashina yaliyoliwa kabla umande haujafuta nyayo. Ugali tuliula baridi usiku ule.

Mama alichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa tarehe 27 Novemba 2024, siku ambayo Tanzania Bara nzima ilichagua viongozi wa vijiji, mitaa na vitongoji. Chama chake ndicho kilichompendekeza, maana sheria haina nafasi ya mgombea asiye na chama. Lakini mimi naamini kura zake alizipata mwezi mmoja kabla, kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba, wakati wa kujiandikisha. Watu wengi walikuwa na kadi ya mpiga kura kabatini wakaona imetosha. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza kwamba kadi ile ni ya kumchagua Rais, mbunge na diwani. Orodha ya mtaa ni nyingine, na asiyeandikwa humo hatamchagua mwenyekiti wala mjumbe. Hakumwambia mtu amchague nani. Alitaka tu waandikwe, na wazee wa miguu mizito aliwashika mkono hadi kituoni.

Tangu hapo nyumba yetu haikuwa tena yetu peke yetu. Chumba cha wageni kiliingiwa na turubai la mtaa, viti vya plastiki na sufuria kubwa za msiba zenye alama ya rangi nyekundu kitakoni, kwa sababu mtaa hauna stoo. Mtu akifariki saa nane za usiku, hodi ya kwanza inapigwa kwetu. Wanakuja wanaotaka barua ya utambulisho: huyu anafungua akaunti benki, yule anafuatilia namba ya NIDA, mwingine anakwenda kumdhamini ndugu yake aliyeshikwa kituoni. Mama hana muhuri, barua si yeye anayeitoa, lakini wote huanzia kwake ili awashuhudie kwamba ni wakazi kweli. Wanakuja pia kina mama wa vikundi kuuliza mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na tangu irejeshwe fomu zinajazwa juu ya meza yetu ya chakula.

Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri na ana mshahara. Mjumbe hana. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona debe la unga linavyokwisha kabla ya wakati wake. Mgeni akikuta watu wanakula, ananawa. Ndivyo tulivyolelewa, na sitaki kuishi kwenye mji ambao watu wameacha desturi hiyo. Ila desturi hiyo ina gharama, na kaya moja inailipa kwa niaba ya mtaa mzima.

Baba alikuwa karani wa ushirika enzi za tumbaku, na haamini kitu kisichoandikwa. Usiku wa mbuzi alifungua daftari jipya, akachora safu mbili, mapato na matumizi, na chini ya matumizi akaandika: pumba, kilo mbili, kamba ya ziada, moja.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akimtazama mama anavyohangaika kutafuta ndoo ya kumnyweshea mbuzi.

"Mkamwana," akamwambia, "kazi uliyoichukua ni ya nduna."

Bibi hasemi jambo hilo ovyo. Nkosi, yaani chifu mkuu, wa Wangoni wa Njelu alikuwa Mputa Gama, na Songea Mbano alikuwa nduna wake, mtu wa kukaa karibu na watu na kuwaongoza. Wajerumani waliwanyonga wote wawili mwaka 1906, pamoja na wenzao wengi, kwa sababu ya vita ya Majimaji. Kila Februari mji wetu hukusanyika pale Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka, na bibi, miguu ikimruhusu, hakosi.

"Tazama mji unaitwaje," akaendelea. "Haukupewa jina la nkosi. Umepewa la nduna."

Mama hakujibu. Alikuwa amepata ndoo.

Mwenyekiti aliporudi akaagiza tangazo. Lilisomwa msikitini Ijumaa, kanisani Jumapili, na mgambo akalitembeza kwa kipaza sauti mpaka njia ya kwenda Matogoro: mbuzi jike, mweusi, ana baka jeupe sikio la kushoto, mwenyewe afike kwa mjumbe. Hakufika mtu. Kila mmoja alielewa kwa nini. Anayesema mbuzi ni wangu amesema pia kwamba figiri nitalipa.

Mbuzi akabaki. Alikula maua ya mama, akala ufagio wa chelewa, akala pindo la turubai la mtaa lililokuwa limeanikwa baada ya msiba, na hapo baba akalazimika kuchora safu ya tatu: uharibifu. Majirani walilalamikia kelele zake alfajiri, nao walikuwa na haki. Mwenye bustani alikuja kila baada ya siku mbili kuulizia malipo, naye alikuwa na haki kuliko wote. Mama alimkaribisha kila mara, akampa kiti, akamweleza hatua iliyofikiwa hata kama ni ile ile ya juzi. Nilikuwa nikimwonea huruma mama, lakini nilijifunza kitu pale. Mtu aliyepata hasara akisikilizwa vizuri, anaweza kusubiri.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu. Karibu kila asubuhi tulikuta rundo dogo la majani mabichi limesukumwa chini ya ua, upande wa mparachichi. Mama alidhani ni jirani mwenye huruma. Bibi aliyageuza majani kwa fimbo yake akasema aliyeyaleta anamjua mbuzi huyu, maana amechagua yale tu anayoyapenda na kuacha mengine yote.

Songea mwezi Juni si pa kulaza mnyama nje. Baridi inashuka kutoka milima ya Matogoro, huko Ruvuma inakoanzia, na inaingia hata kwenye nyumba ya tofali yenye dari. Usiku mmoja bibi alituamsha. "Huyu ana uchungu," akasema, na kabla hatujavaa masweta alikwisha kumwingiza jikoni, kwenye banda letu la kupikia kwa kuni. Akachochea moto, akatandika magunia, akanituma maji ya vuguvugu. Alfajiri mbuzi alikuwa na watoto wawili, dume na jike, weusi kama mama yao. Bibi hakuruhusu mtu abandike chai mpaka vitoto vyote viwili vimenyonya. Mama alikuwa na kikao cha kamati saa tatu. Alikwenda bila kunywa chochote, khanga yake inanuka moshi na mbuzi.

Habari ya mapacha ilitembea. Kabla ya adhuhuri akaja mwenye mbuzi. Kabla ya magharibi akaja mwenye mbuzi mwingine.

Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa mahindi, mtu mzima mwenye heshima zake. "Mama mjumbe, huyu wangu, amepotea tangu mwezi wa tano."

"Tangazo hukulisikia, baba?"

"Nilikuwa Namtumbo, mashambani."

Wa pili alikuwa mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Yeye alilisikia tangazo. "Ila walisema baka jeupe," akaeleza, "na la wangu liko kama kijivu. Leo nimesema ngoja nijionee mwenyewe."

"Na figiri za watu?" mama akawauliza wote wawili.

Mnunuzi wa mahindi akasema figiri zitazungumzwa. Muuza vitumbua akasema mbuzi wake hali figiri. Wakati huo huo mwenye bustani akaingia kwa siku yake ya kuulizia, na sauti zikapanda, watoto wa majirani wakajaa uani, uji wa bibi ukaungua, kitoto kimoja cha mbuzi kikapita katikati ya miguu ya watu na kuingia chumbani kwa baba. Tulikitoa chini ya kitanda kwa ufagio mpya.

Mama hakumfukuza mtu. Aliwaketisha wote kwenye viti vya msiba, akamsikiliza kila mmoja mpaka mwisho, akaandika. Mtendaji alipofika akashauri shauri lipelekwe baraza la kata. Mabaraza hayo yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 1985, na usuluhishi ndio kazi yake kubwa. Tangu 2021 hata migogoro ya ardhi hayaiamui tena, yanapatanisha tu. Ushauri ulikuwa sahihi kwa sheria. Bibi akaomba kusema.

Akakumbusha wakati wa madaraka mikoani, mwaka 1972 na kuendelea, halmashauri zilipovunjwa na maamuzi kuhamia kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Serikali za mitaa zilikuja kurudishwa na sheria za 1982, namba 7 ya wilaya na namba 8 ya miji. Katikati ya hapo, kwa mtu wa kawaida, aliyekuwa karibu ni balozi wa nyumba kumi. "Balozi wetu hakuwa na baraza," bibi akasema. "Mbuzi akigombewa, alimfungua kamba jioni, saa ya mifugo kurudi, akamfuata nyuma."

Mtendaji akafikiri. Akasema haoni kifungu kinachokataza.

Tulisubiri vitoto vipate nguvu. Siku ilipofika, bibi alitoa agizo moja: vitoto vibebwe kwenye kikapu, na mbebaji atembee nyuma ya mbuzi wala asimtangulie, ili mbuzi asikie sauti za wanawe asirudi kwetu kuwatafuta. Kikapu nilikibeba mimi. Nyuma yangu mama, mwenyekiti, mtendaji, mgambo, wadai wawili, mwenye bustani na watoto wa mtaa mzima.

Mbuzi alisimama kwanza getini kwetu, akageuka kuangalia kikapu, kisha akashika njia. Alipita kwa mnunuzi wa mahindi bila hata kunusa. Kwenye njia panda ya kwenda kwa muuza vitumbua akasimama kidogo, mwanamke yule akaanza kumwita, lakini mbuzi akaendelea mbele. Akashuka hadi kijito, akavuka kwenye mawe, akapanda upande wa pili mpaka nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma ambayo nilikuwa nimeipita mara nyingi. Akazunguka nyuma, akaingia bandani, akatia kichwa kwenye ndoo iliyopasuka iliyokuwa pembeni.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mtoto wa kiume wa darasa la nne, amevaa sweta la shule, akaona umati ule na mtendaji na mgambo, akaanza kulia.

Mama alimwendea peke yake, akachuchumaa. Ilichukua muda. Babu yake alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa tangu kabla mbuzi hajatoroka. Mama yake alikuwa Mbinga, kwenye kuvuna kahawa, na simu yake haikupatikana. Mtoto alikuwa anakwenda shule, anarudi, anapika alichokuta, analala na taa inawaka. Mbuzi alimponyoka siku ile akimpeleka malishoni. Tangazo alilisikia. Hakuwa na pesa za figiri. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya shule, alipita kwetu na majani.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo katika kisa chote hiki. Nyumba ile ilikuwa na namba ya anwani ya makazi ukutani, iliyowekwa mwaka 2022. Makarani wa sensa ya Agosti 2022 walifika. Kwenye orodha ya mtaa kaya imeandikwa vizuri, mzee mmoja, mtoto mmoja. Serikali ilijua kila kitu kinachoweza kuandikwa, na bado mtoto akalala peke yake katika baridi ya Juni, majirani wa kushoto wakiamini wa kulia wanamwangalia. Karatasi haibishi hodi. Anayebisha hodi ni mtu, na mtu huyo kwetu ni mjumbe asiye na mshahara, ambaye jioni ile ile ana ugali motoni na fomu za kikundi mezani.

Mama alimleta kwetu alale. Mnunuzi wa mahindi, ambaye alikuwa amesimama kimya muda mrefu, alisema kesho ana pikipiki na atampeleka kumwona babu yake. Alimpeleka, na akaendelea kumpeleka. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alipoteza mbuzi mweusi kweli, na muuza vitumbua pia, na mtu anayetafuta chake kwa muda mrefu huanza kukiona katika kila kinachofanana nacho.

Mkutano mkuu wa mtaa, ule wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, ulikaa Julai. Mzee alikuwa ametoka hospitali, akaja kwa mkongojo, mjukuu pembeni. Wengi walitaka figiri zisamehewe. Wakasema ni mtoto, ni yatima wa muda, tumwachie Mungu. Wakamgeukia mwenye bustani, na nikaona uso wake ulivyoanguka.

Mama akasimama. Akasema huruma ya mtaa mzima haiwezi kutolewa mfukoni mwa mkulima mmoja wa mboga. Kama tunamhurumia mtoto, na tumhurumie wote. Mzee mwenyewe akamuunga mkono, akasema hajawahi kula mali ya mtu na hataanza leo akiwa mgonjwa. Ikaamuliwa kitoto dume, kikiachishwa kunyonya, kiende kwa mwenye bustani. Mwenye bustani alikubali, akaongeza kwamba mtoto akipita bondeni achume mboga ya siku.

Kisha ukafika ukurasa wa baba. Alisoma mapato na matumizi kwa sauti yake ya ushirika, kilo kwa kilo. Pumba, kamba, dawa ya minyoo, pindo la turubai. Watu walianza kucheka na kusema karani acha, mjumbe ni mama yetu, hawezi kudai pumba. Nilitegemea mama asamehe. Hakusamehe.

"Mimi pumba hizi naziweza," akasema. "Mume wangu ana pensheni. Lakini mjumbe ajaye anaweza kuwa mjane, au kijana aliyepanga chumba kimoja. Kama kazi hii inataka mtu mwenye pumba zake, basi mtachagua wenye pumba tu."

Kicheko kikaisha. Pumba zililipwa kutoka mfuko wa mtaa, na mkutano ule ule ukaamua kila kaya ichangie matofali ya kuchoma kwa ajili ya stoo pembeni ya ofisi, yenye mlango wa kufuli na banda la mifugo iliyokamatwa. Hadi ninapoandika, msingi umechimbwa. Sufuria bado ziko chumba cha wageni, ila sasa tunajua zitatoka.

Kulibaki kitoto jike. Mzee akasema anampa mama, kwa usiku ule wa uzazi na kwa mjukuu wake. Mama akakataa papo hapo: leo mbuzi, kesho wataniletea jogoo kabla sijawashuhudia barua. Mzee akaumia, maana kwake zawadi iliyokataliwa ni tusi. Mwenyekiti akaangalia chini. Ndipo bibi akasema kwamba yeye hajachaguliwa na mtu yeyote, hana barua wala fomu ya mtu, na aliyelala kwenye gunia jikoni ni yeye.

Mwenyekiti akaweka jambo mbele ya wakazi, mikono ikainuka, mtendaji akasoma alichoandika: kitoto jike apewe bibi wa kaya ya mjumbe, kikiachishwa kunyonya, kwa kumhudumia mbuzi wakati wa uzazi, wakazi wameridhia.

Bibi akanyoosha fimbo.

"Futa hapo pa kaya ya mjumbe," akasema. "Andika mkunga."